Mkanda wa Cherehani

Cherehani yangu ilikuwa barazani bila mkanda, kama kibogoyo aliyekaribishwa bisi. Mkanda wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mtambo wa mume wangu Anselme: rimu ya baiskeli yenye makopo tisa ya mafuta ya msaada. Ukikanyaga pedali, makopo huchota maji ya kidimbwi na kuyamwaga ndani ya dumu la changarawe na makaa, yakadondoka tena chini yakiwa safi. Dumu nalo ni langu. Alilikata kitako bila kuniuliza, na tangu siku hiyo naenda bombani mara mbili.

"Nimeuazima tu, bibi," aliniambia asubuhi, akifunga viatu. "Nitakuletea mwingine kutoka Mbarara."

"Mwaka jana uliazima chandarua. Mpaka leo mbu wanakushukuru."

Alicheka, akawahi gari la Mbarara kituoni Kabingo. Kwetu, mjini Baraka, Anselme alikuwa mvuvi. Hapa kambini Juru, miaka kumi na mitatu sasa, analima maharage kwa uso wa mtu aliyeshikishwa jembe la jirani. Vifaranga ishirini vya ngege, samaki wa kwetu, alivipakata kama mapacha njia nzima mpaka kidimbwini. Sasa wamefikia kuliwa, lakini nikitaja sufuria ananuna. Nimechoka naye, Mungu anisamehe.

Orpa, kiongozi wa korali ninayoishonea majoho, anayeniita Koko kama nyanya yake, hakukawia kufika.

"Koko, marobe yetu iko fasi gani? Siku ya Mungu ni kesho kutwa!"

"Waulize samaki. Njoo tukauvue mkanda wangu."

Nilichukua mkasi na msumari wa kutobolea, nikaenda kwa hasira zangu zote. Kufika, ngege wote walikuwa juu ya maji, midomo nje, wakitweta. Anselme huwakanyagia kila asubuhi. Leo gari lilimharakisha.

"Kitendawili, Orpa. Wamo ndani ya maji, na wanakosa pumzi."

"Koko, hii si wakati!"

Nilikanyaga pedali. Mkanda uliteleza, rimu haikusogea. Ngozi ikilowa hulegea. Fundi yeyote wa cherehani anajua, ila mvuvi. Mkanda ungepunguzwa upana wa vidole viwili tu, ungeshika. Lakini kwenye cherehani usingefika tena.

"Koko, hapana," alisema Orpa, akiutazama mkasi. "Marobe!"

Nilikata. Nikatoboa, nikaunga kwa waya, nikakanyaga. Kopo la kwanza likapanda, likamwaga. Nilimtukana Anselme kwa kila kopo, na makopo ni tisa.

Tulipokezana na Orpa mpaka alasiri, Anselme aliporudi na mkanda mpya shingoni. Alisimama akitazama maji yakimwagika. Akaugusa mkanda wa zamani pale nilipouunga.

"Nani ameukata?"

"Usiniulize."

Macho yake yakatoka kwenye mkanda mpya, yakaenda kwenye rimu.

"Baba Sidonie, thubutu!" nilimkemea mume wangu.

Akaupeleka mkanda mpya barazani taratibu, Orpa akimfuata. Baadaye nikasikia cherehani ikizunguka, na Orpa akimgombeza: "Baba, unazungusha kinyume!"

"Mama Sidonie!" aliita. "Hupumziki?"

Ngege mmoja alikuwa bado juu, mdomo nje, akinitazama kama mtu anayesubiri jibu. Nilibadilisha mguu, nikakanyaga.