Kinyaa cha Bwana Afya

Mtu akila sabuni mbele yako, kinachokujia kwanza si huruma. Wanaosema vingine wanajikosha. Mimi nilimkuta baba yangu mzazi kachuchumaa penye bomba la uani, kipande cha sabuni ya kufulia mkononi, anakitafuna taratibu, hana wasiwasi, povu la buluu linamshuka kidevuni hadi kwenye kola ya shati nililomshonea kwa mikono yangu. Nikageuka ukutani nikatapika. Huruma ilikuja baadaye, tena kwa kujivuta.

Na huyu si baba wa hivi hivi. Alikuwa bwana afya. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye mabucha na jikoni mwa mikahawa, kuinua vifuniko, kunusa, kupitisha kidole chini ya meza na kukitazama. Asiporidhika, alifuta kidevu begani, kwa sababu mikono ilikuwa imeshagusa uchafu, akasema maneno mawili tu: "Fungeni hapa." Basi, mkahawa umefungwa, na mwenyewe aende akalie mbele. Nyumbani alikuwa vile vile. Unywele mmoja kwenye mchuzi na sufuria zima linamwagwa, sisi tunalala na njaa lakini wasafi. Marehemu mama alikuwa akisema yeye hakuolewa na mtu, aliolewa na pua.

Hiyo pua aliirithi mdogo wangu wa kike. Wakati wa likizo baba alikuwa akimchukua kwenye ukaguzi, akimwita mkaguzi mdogo, akimbeba juu achungulie masufuria ya watu. Mimi nilibaki na mama na cherehani, na mpaka leo niko na cherehani. Yeye alisoma, akasoma tena. Tunamwita Profesa tangu alipokuwa akipasua mijusi kwa wembe wa baba wa kunyolea, na sasa ni profesa kweli. Ni mtaalamu wa ubongo, ila si wa kutibu, ni wa kuchungulia. Anachunguza kemikali za kichwani zinazomfanya kiumbe asikie njaa au ashibe, na kwa nini seli zinazofanya kazi hiyo hufa.

Kazini kwake nilikwenda mara moja na sirudi. Ni chumba cheupe kinachonuka mkojo wa panya uliochanganyika na dawa ya kuoshea sakafu, na kuta zote zimejaa masanduku ya kioo. Akanionyesha panya mmoja aliyeuliwa seli fulani kichwani kwa tone la dawa, zile seli zinazosema basi, inatosha. Yule panya alinenepa mpaka tumbo likamzidi miguu. Amelalia chakula, anakula hicho hicho alichokilalia na kukikojolea, na macho yametulia tuli. Mwenzake wa sanduku la pili alipewa maji matamu ambayo hakuwahi kuyaonja maishani, kisha akachomwa sindano ya kichefuchefu. Mara moja tu. Profesa alipomsogezea tena yale maji, panya aliachama, akasugua kidevu sakafuni huku na huku, akakimbilia pembeni. Mdogo wangu akacheka kwa furaha, na pembeni yake, juu ya meza ile ile, kulikuwa na mkate wake wa mchana aliokwisha kuuma.

Nilimwambia nyinyi wasomi ni wachafu. Hakuudhika. Alinieleza kwamba kinyaa ni mlinzi anayekaa mlangoni mwa kinywa, kwamba mlinzi huyo ana seli zake, na kwamba nazo hufa. Wakati ule baba alikuwa ameanza tu kula kutoka sahani za wageni. Sikujua kuwa alikuwa akinieleza habari za nyumbani kwangu.

Mlinzi wa baba alikufa taratibu. Kwanza mabaki ya jalalani. Halafu chaki yangu ya kukatia nguo, mshumaa, ngozi ya kuku aliyompokonya paka wa jirani. Jamani, mtu aliyefunga mikahawa kwa sababu ya nzi! Akawa hatujui kwa majina, na maneno yakamwishia mdomoni. Nilimwosha, nilimlisha, nilimtoa vitu kinywani kwa kidole changu hiki, na kila siku roho ilinichafuka upya; hakuna kuzoea, nawaambia. Profesa alikuwa akija na matunda, anasimama kizingitini, anauliza maswali ya kisomi, anaondoka kabla ya chakula. Hakuwahi kumlisha hata kijiko. Pua haikumruhusu.

Lakini ile sabuni ilikuwa mambo mengine. Povu liliingia mapafuni, baba akalazwa, na daktari wa wodini alinivuta kando akaniambia bila kupaka mafuta kwamba likiingia tena hatapona. Nikaifungia sabuni yangu kabatini. Sawa, na za wapangaji wengine? Bomba ni moja, ua ni mmoja, watu wanafua na kusahau vipande hapo. Jirani yetu Mama Pacha alijitahidi, lakini mwenye watoto wawili wa kukimbiza atakumbuka sabuni saa ngapi? Na baba alikuwa na pua ya kuinusa kupitia ukuta. Kumfunga kamba nilikataa kata kata.

Nikampigia simu Profesa nikamwaga yote, na mengine hayarudiwi mbele za watu. Akasikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Dada," akasema, "naweza kumfanya aichukie sabuni."

Nilimwelewa papo hapo, maana yule panya hakuwa amenitoka akilini. Nikamwambia baba si panya. Akajibu kwamba huko chini kabisa kwenye ubongo sisi na panya hatupishani sana, kwamba dawa ya kutapisha ni ya watu, si ya maabara, na kwamba sehemu hiyo ya baba huenda haijafa yote. Nikamuuliza kama daktari wa wodini anajua. Akarudia kwamba dawa ni ya watu. Nikaelewa kwamba daktari angekataa, na angekuwa na haki. Nikakubali. Nilikuwa nimeogopa kiasi hicho.

Alikuja amevaa koti lake jeupe, amejipaka mafuta ya waridi mikononi, yale anayojipaka kila siku kuondoa harufu ya panya. Alimega chembe ya sabuni, akapiga magoti mbele ya baba, akamtia mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe. Baba akala, kisha akavinyonya na vile vidole. Profesa alifumba macho, mwili mzima ukamsisimka. Halafu akamnywesha dawa.

Nisiwafiche, kilichofuata kilikuwa uchafu mtupu. Alitapika mchana kutwa. Alijaza beseni, akamaliza cha tumboni akaanza kutoa nyongo, akachafua suruali ya mteja iliyokuwa ikisubiri vifungo. Profesa alimshika paji la uso muda wote, na baba, mzee mzima, akalia akimwita mama yake. Chumba kikanuka hadi machozi yakanitoka. Nilimtazama mdogo wangu na koti lake lililorowa, nikamchukia waziwazi, na kwa kuwa nami ndiye niliyeshika beseni, nikajijumlisha humo humo.

Asubuhi baba aliamka mzima, anatafuta chakula. Profesa, aliyelala juu ya marobota yangu ya vitambaa, akaweka kipande cha sabuni juu ya kisahani mezani. Baba hakusita. Alikichukua akakiuma, na kama nisingemrukia angekimeza chote. Yaani tulimtesa mzee wa watu bure.

Profesa akakiokota kile kipande, akazitazama alama za meno. Halafu, labda kwa kukosa la kufanya, akachukua kikombe cha maziwa akamsogelea baba, akamwekea mdomoni.

Baba akaachama. Akajivuta nyuma na kiti, koo likamruka mara mbili, akasugua kidevu begani, upande huu na upande ule. Kisha akainua pua na nyusi, na uso wake ukarudi, uso ule ule wa mlangoni mwa mikahawa ambao sikuuona kwa miaka. Akamtazama Profesa kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Fungeni hapa," akasema.

Nikakichukua kile kikombe nikampa mimi. Akakinywa chote.

Mdogo wangu hakuamini. Alivua koti, akajisugua mikono kwa maji matupu mpaka ikawa myekundu, akavaa gauni langu la jikoni, akarudi na maziwa mengine. Baba akaachama kabla hajafika. Akajaribu kumjia kwa nyuma, bila kusema neno. Kidevu begani. Akakaa chini sakafuni, hapo hapo penye unyevu wa jana, akawa anahesabu kitu kwa vidole. Halafu jibu likamjia, na afadhali lisingemjia.

"Panya akiugua," akasema, "hachukii alichokizoea. Anachukia kilicho kipya. Nawafundisha wanafunzi hilo wiki ya kwanza." Akamtazama baba. "Sabuni ameizoea, Dada. Wewe amekuzoea. Kipya humu ndani nilikuwa mimi."

Nilikuwa na maneno yangu nimeyaweka akiba kwa miaka, makali kweli, ya yule anayesimama kizingitini na matunda yake. Yalinifika kooni nikayameza, maana alikuwa ameshajisemea mwenyewe. Nikachukua tambara nikaanza kupiga deki, na baada ya muda naye akachukua lingine.

Mchana baba akanyanyuka, akashika njia yake ya bombani. Mama Pacha alikuwa anafua, na kipande kinene cha sabuni kimekaa ukingoni. Kabla sijatoka, Profesa akanipita mbio, akafika bombani, akasimama mbele ya ile sabuni. Baba akamwona. Akasimama, akasugua kidevu begani, akageuka akarudi ndani.

Basi hiyo ndiyo dawa tuliyoipata. Wapangaji walikubali kufua siku ambazo Profesa hana darasa. Anakuja asubuhi, anachukua kigoda, anakaa penye bomba, na sabuni za ua mzima ziko mapajani mwake. Tulijaribu kutundika koti peke yake, baba akalipita na kwenda zake sabunini. Ni lazima awe mwenyewe. Majirani wakimwuliza, anasema anapunga upepo. Sabuni haijaingia mdomoni mwa baba tangu hapo.

Alichomfanyia baba bado kinanitia kinyaa, na nimemwambia. Akasema hata yeye. Akasema pia, akiwa ameinamia zile sabuni, kwamba kwa kazi yake ile ni habari njema kubwa, kwa sababu maana yake kuna seli zilizobaki, na kwamba mgonjwa wa namna hiyo angekuwa baba wa mtu mwingine, angefurahi hadi arukeruke. Hakuruka. Aliomba nimletee chai huko huko, kwani akiingia ndani baba hali.

Jana nilikuwa namlisha baba dirishani, na yeye Profesa yuko kigodani mwake, ametupa mgongo. Wakati mwingine baba hunitazama mimi ninayemwosha na haoni mtu. Macho yananipita tu, yanatafuta kijiko. Lakini jana Profesa aligeuka kumrudishia Mama Pacha sabuni yake, na baba akamwona. Akaacha kutafuna. Pua ikapanda, nyusi zikapanda, kidevu kikaenda begani. Katika dunia nzima amebakiwa na mtu mmoja tu wa kumtambua.

"Fungeni hapa," akasema kwa sauti.

Mkaguzi mdogo akasikia. Akainua mkono, akaupunga, akatupa mgongo tena. Mimi nikamfuta baba kidevu, nikamlisha kijiko kingine.