Darasa Lililopanda Mlima kwa Miguu

Jana usiku nimeota darasa letu likipanda mlima kwa miguu. Nasimulia lilivyokuja, sijatia chumvi.

Darasa lenyewe ni la vipande. Kuta, madirisha, paa na mlango vimetengenezwa kiwandani na kupigwa namba, ili sisi wa huku juu Makete, ambako lori la mchanga halifiki, tuviunganishe kwa bolti tu. Kwa sasa vimefungiwa kwenye ghala la kata, kilometa sita bondeni, na huku shuleni tumeshamwaga zege la sakafu. Afisa wa wilaya amesema jengo lisiposimama kufikia Jumatatu, darasa la kwanza lote, watoto arobaini na watatu, watahamia shule ya ng'ambo ya mto. Mto huo mwaka jana ulibeba ng'ombe mzima. Mimi ndiye mwalimu wao, na ninauogopa.

Basi ndotoni nimesimama juu ya zege, na vipande vinakuja kimoja kimoja vikihema. Ukuta Namba Nne, wa kijani, unakohoa.

"Shikamoo, mwalimu," ukasema. "Hivi baridi ya kwenu inaisha mwezi gani?"

"Marahaba. Haiishi."

"Kiwandani hatukuambiwa."

Paa likaketi chini, likaomba chai. Mimi nikafungua karatasi ya maelekezo. Imeandikwa: anza na kipande namba moja. Namba moja ni mlango, nikauomba usogee tuufunge.

"Siwezi," ukasema mlango, kwa sauti ya mtu aliyesoma. "Mimi nafungwa penye hodi. Anayebisha awe nje, anayeitikia awe ndani. Huko ndani yuko nani?"

"Ndani bado hakuna."

"Basi na mimi bado sijafika."

Ukajilaza chali. Kuta zikasema haziwezi kumtangulia mkubwa wao, nazo zikalala.

Papo hapo nikawa wilayani. Zege ni lilelile chini ya miguu yangu, ila mbele pana meza, na nyuma ya meza ameketi Bwana Pima Maji, kile kifaa cha fundi chenye kiputo ndani ya kioo. Anasoma faili langu, na kila asipopenda neno kiputo kinakimbilia kushoto.

"Mwalimu, jengo lako limelala."

"Limechoka, mzee. Limetembea."

"Jengo lililolala ni kitanda, na watoto hawasomei kitandani. Nawaandikia wavuke mto."

"Wana miaka sita, mzee."

"Mto haujauliza umri."

Akachukua kalamu. Nilitaka kulia, na sioni aibu kulisema.

Mara akapita katikati yetu Mama Tweve, mpishi wa uji wa shule, na mafiga matatu ndani ya karai. Akayapanga juu ya zege, akaninyang'anya karatasi ya maelekezo, akawashia moto, kisha akaketi kwenye kigoda.

"Mama Tweve, hayo ni maelekezo."

"Yanawaka vizuri. Moto ukishakaa kwenye mafiga, hapo ni ndani. Kwenu mlifundishwaje?"

Kwetu tulifundishwa hivyohivyo. Penye mafiga na mwanamke anayechochea pana nyumba, kuta ni mambo ya baadaye. Nilikuwa nimekwenda kusomea ualimu nikasahau.

Nikarudi nyuma hatua nne. "Hodi."

"Karibu. Jifute miguu."

Mlango ukasimama. Kuta zilipouona moto zikaukimbilia, maana zilikuwa zinatetemeka, zikasukumana kuuzunguka kila mmoja ukitaka nafasi, na zilipobanana hivyo pembe nne zikapatikana. Paa likapanda juu kuotea joto. Kiputo cha Bwana Pima Maji kikatulia katikati.

"Limesimama," akasema. "Ila kati ya Namba Nne na Namba Tano pamepungua bolti moja."

Kuta zote zikanigeukia.

"Mwalimu ana vidole," ukasema Ukuta Namba Nne.

Nikazishika pale zinapokutana. Watoto wanaingia, kila mmoja anabisha hodi, na Mama Tweve anawaitikia wote arobaini na watatu bila kuchoka. Mkono unaniuma vibaya.

"Usilegeze," ukaninong'oneza ukuta. Haukohoi tena.

Aliyeniamsha ni mke wangu, Tusekile. Jua limeshatoka na mkono wangu wa kulia uko juu, ngumi imekaza.

"Unashika nini?"

"Darasa."

Akanifungua kidole kimoja, akachungulia. Kiganjani mna rangi ya kijani, na nyumbani kwetu hakuna kitu kilichopakwa kijani.

"Legeza basi, unywe chai."

Leo ni Jumamosi. Nikakifunga kile kidole, nikamwomba radhi: chai yake nitaipokea kwa mkono wa kushoto mpaka Jumatatu.