Dole Gumba Kwenye Bilauri

Bilauri ikitakiwa kuchorwa maua yasiyobanduka, huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, hufutwa kwa spiriti, na tangu hapo haiguswi kwa kidole kitupu, maana mafuta ya ngozi hukataa rangi. Huchorwa, huachwa ikauke, kisha huingizwa kwenye oveni ingali baridi, moto ukipandishwa polepole. Vumbi nalo ni adui. Ndiyo maana bosi wa karakana aliyapigilia madirisha yote misumari, na ndiyo maana mchoraji wake hodari alivuta mvuke wa thina ya kuchanganyia rangi miaka nenda miaka rudi mpaka mapafu yakamwisha. Bosi alifika mazikoni, akasema ni kazi ya Mungu. Misumari aliipigilia nani, hakusema.

Jumatatu iliyofuata nafasi ilichukuliwa na mdogo wa marehemu, ambaye sasa ndiye anayewalea watoto wa dada yake. Marehemu naye alifika kazini, asubuhi kama kawaida yake. Alisalimia watu, akapita mezani akibonyeza dole gumba kwenye kila bilauri iliyokwisha kufutwa. Wenzake walimsogezea kiti. Bilauri zilipotoka kwenye oveni, kila ua lilikuwa limebanduka pale alipogusa.

Bosi alifoka wiki nzima. Mwishowe alimwita marehemu ajieleze.

"Fungua madirisha, bosi," alijibu kwa upole wake uleule. "Mdogo wangu ameanza kukohoa."

Bosi alikuna kidevu, akatuma mtu dukani. Zikaja glavu nyeupe za pamba, jozi moja. Akamkabidhi mdogo mtu.

"Mvalishe dada yako. Ukishindwa, wako wengi getini wanaitaka kazi hii."

Mdogo mtu aliwafikiria wale watoto. Akamvalisha kidole kimoja kimoja, machozi yakimtoka kwa hasira tupu.

"Nisamehe, dada."

"Watoto wamekula?"

"Wamekula."

Dada akanyoosha mkono wa pili.

Sasa rangi inashika barabara, isugue upendavyo. Marehemu amepewa kazi ya kufuta bilauri kwa spiriti, bila mshahara, kwa kuwa bosi anasema mfu hana matumizi. Mdogo mtu alipoomba walau dirisha moja lifunguliwe, aliambiwa akitaka kukohoa ageukie ukutani, mate yasirukie bilauri.