Mstari wa Juu Ukutani

Baba aliirusha barua yangu ya chuo juu ya boriti kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukupanda tena kupita kifua. Alianguka kutoka mti wa miraa mwezi wa Januari, bega likakakamaa.

"Kusomea kukanda watu?" akasema. "Nyanya yako Igoki alikanda watu wa Kianjai yote na mafuta, na hakuna mtu alimlipa. Enda ualimu, Kiende."

Ualimu! Mwaka huo wa 1998 walimu waliohitimu walikuwa wamejaa nyumbani, wakipalilia mahindi ya mama zao. Mimi ndiye niliyempeleka Baba hospitali ya wilaya, nikajionea. Mtaalamu wa tiba ya viungo alikuwa mmoja tu, Bwana Njiru kutoka Embu, na foleni yake ilifika nje ya lango. Kazi inayotafuta watu namna hiyo siiachi ng'o. Chuo kilikuwa kimeniita, ikabaki sahihi ya mzazi, na muda wenyewe ulikuwa wiki sita.

"Sitakukanda, Baba," nikamwambia. "Na hiyo barua siishushi. Utaishusha wewe, na mkono wa kulia. Ukishindwa, naenda ualimu."

Akacheka. "Sawa. Hiyo ni deal."

Bwana Njiru alikuwa ametuonyesha: simama ukitazama ukuta, vidole vitambae kupanda polepole, mkono uvifuate. Kila asubuhi nilichora mstari wa mkaa pale vilipofika. Wiki ya kwanza Baba alinitukana. Ya pili alitokwa jasho, akaniita askari jela. Ya tatu mstari haukusonga hata kidogo, nami nikaingiwa na hofu, ila sikumwonyesha. Ya nne ulipita masikio yake. Ya tano nilimkuta ukutani peke yake kabla ya chai, nikajifanya sijaona.

Jumamosi ya mwisho nilirudi kutoka sokoni nikakuta barua mezani, imejaa masizi ya boriti, imetiwa sahihi. Jirani yetu Gikunda alikuwa ameketi kando ya Baba, goti limevimba.

"Hii kazi haina watu," Baba alikuwa akimweleza, utadhani ni yeye aliyenishauri. "Ngoja miaka tatu huyu arudi. Na usifikirie itakuwa ya bure."

Nikatazama ukutani. Juu ya mistari yangu yote kulikuwa na mmoja mpya, mnene, umepinda, ameuchora mwenyewe.

Kisha nikamwambia Gikunda akunje suruali, nilione hilo goti.