Majibu ya Mheshimiwa Mtweve Kuhusu Kituo cha Afya cha Nyavanu

1.

TANGAZO

Wananchi wote wa kata ya Nyavanu mnatangaziwa mkutano wa hadhara, Jumamosi saa nane mchana, uwanja wa soko la mbao. Mbunge wetu, Mhe. Elikana Mtweve, atajibu tuhuma zilizoandikwa na gazeti kuhusu kituo cha afya. Pombe ya ulanzi isiuzwe kabla ya mkutano kwisha.

Limetolewa na Ofisi ya Mtendaji wa Kata.

2.

Tuhuma yenyewe ni fupi, msomaji. Fedha za mfuko wa jimbo zilitoka ili kijengwe kituo cha afya juu ya kilima. Mkandarasi akawa shemeji yake mbunge. Uzio wa mabati ukasimamishwa, mrefu kuliko mtu. Gazeti likasema nyuma ya mabati hayo hakuna kitu,

hakuna.

3.

HATARI!
UJENZI UNAENDELEA
HAIRUHUSIWI KUINGIA
WALA KUCHUNGULIA

4.

Je, Elikana Mtweve alijua fedha zilikokwenda? Alijua. Tuliseme mapema tusizungushane. Nyingine ziliingia kwenye kampeni, nyingine kwa shemeji, na zilizobaki zikageuka vigae vyekundu juu ya paa la nyumba yake mjini. Hata hivyo asubuhi ile ya Jumamosi aliamka mwepesi, akanyoa ndevu akiimba. Alikuwa mtoto wa katekista. Tangu utotoni alijua kwamba mtu akipata sauti, mengine yote atayapata kwa hiyo sauti.

"Tumtupie lawama mkandarasi," alishauri katibu wake, Huruma Mbwilo. "Halafu tuombe muda."

"Dada Huruma, anayeomba muda amekwisha kukiri."

"Sasa utawapa nini?"

"Maneno."

"Watu hawali maneno, Mheshimiwa."

Mtweve alikaza tai, akajitazama kwenye kioo, akajipenda.

"Hujawaona wakishiba."

5.

(Redio ya mjini, kipindi cha asubuhi.)

MTANGAZAJI: Mheshimiwa, kituo kipo au hakipo?

MTWEVE: Swali zuri sana, ndugu yangu. Nami nikuulize. Mama yako yupo?

MTANGAZAJI: Alifariki.

MTWEVE: Pole sana. Lakini moyoni mwako hayupo?

MTANGAZAJI: Moyoni... yupo.

MTWEVE: Basi.

6.

(Swali la pili la mtangazaji. Muda ulikuwa umekwisha.)

7.

Yaliyosikika uwanjani kabla gari la mbunge halijafika:

— Leo ataeleza.

— Huyo? Akishika kipaza sauti, mbao mbichi inakauka.

— Mimi nimekuja kumzomea.

— Hata mimi. Nimebeba na filimbi.

8.

Walimzomea kweli. Alipanda jukwaani katikati ya ukungu na filimbi, akashika kipaza sauti, na

akanyamaza.

Alinyamaza mpaka waliokuwa wakizomea wakaanza kusikia baridi.

"Kamwene!"

Wachache waliitikia salamu hiyo ya nyumbani.

"Kamwene, watu wa kwetu!"

"Kamwene!"

"Nimeitwa mwizi." Alivua koti, akamkabidhi Huruma. "Hebu semeni tena. Leo nataka nilisikie kwenu, si kwenye karatasi za watu wa mjini."

"Mwizi!" walipiga kelele vijana wa nyuma.

"Asanteni. Sasa mniambie. Yule mzee aliyepanda vilima hivi kwa miguu, mvua ikimnyeshea, akawabatiza, akawazika baba zenu, ndiye aliyezaa mwizi?"

Aliuona uwanja ukilegea, mstari kwa mstari, akaufuata kama fundi anavyofuata mshipa wa mbao.

"Wameandika kwamba Nyavanu hakuna kitu. Mmesikia? HAKUNA KITU! Mama, wewe si kitu? Baba, uliyesomesha watoto kwa parachichi na viazi, si kitu? Aliyeandika hivyo hanitukani mimi!"

"Anatutukana sisi!"

"Hawataki mjue kilichopo huko juu! Mimi nawaambia kipo! Ipo wodi ya akina mama, dirisha lake linatazama mawio. Vitanda vipo. Mapazia ya kijani yapo. Maji ya moto yapo, kwa sababu mtoto wa Nyavanu hatapokelewa duniani na maji ya barafu!"

Mapazia hayakuwa kwenye mazoezi. Yalikuja yenyewe, na yalipokuja Mtweve aliyaona yakipepea.

9.

Sisi tuliokwenda kuzomea tunakiri kwamba tulilia. Filimbi zilipulizwa, ndiyo, ila mlio wake ulikuwa mwingine. Usitucheke wewe unayesoma umekaa. Wewe hukuwepo, na hakuna mtu aliyewahi kukwambia kwamba wewe ni kitu.

10.

Mtweve alikuwa akishuka ngazi za jukwaa, ameshinda, mkutano umekwisha, pale Mama Twilumba alipokiomba kipaza sauti. Huyu ni muuza ulanzi, mjane, na mdomo wake unaogopwa kata nzima. Huruma alishika kichwa.

"Mheshimiwa, mwanangu," alisema Mama Twilumba, "nilikuja na maneno mabaya. Nimeyameza. Mwaka jana mkamwana wangu, Atu, alijifungulia njiani tukikimbilia mjini, na mtoto hakulia. Sasa ni mjamzito tena, na mwezi wake ndio huu. Analia kila siku kwa hofu. Kumbe kituo kipo, tumefichwa na mabati tu! Sitaki kingine. Nataka akapaone mahali atakapolala, roho yake itulie."

Akaugeukia uwanja.

"Twende tukakione!"

11.

Twende.

Twende!

TWENDE TUKAKIONE!

12.

Vijana walewale waliomwita mwizi walimbeba mabegani. Kutoka huko juu Mtweve alimwona Huruma amefungua mlango wa gari, anampungia mkono: *rukia hapa*. Watu walidhani anashangilia, nao wakampungia.

Hakuogopa, bado. Sababu zilimjia zenyewe, zote nzuri. Ufunguo uko kwa mkandarasi. Rangi haijakauka. Kufungua jengo kabla ya makabidhiano ni kuvunja sheria, na ninyi ndugu zangu ni watu wa sheria. Alikuwa akichagua, kama mtu achaguavyo shati, pikipiki ilipojisogeza kando yake taratibu. Nyuma ya dereva aliketi msichana mwenye tumbo kubwa, kajifunga khanga mbili kwa baridi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Wewe ndiye Atu?"

"Ndiyo." Alisita. "Mapazia ni ya kijani kweli?"

Lilikuwa swali jepesi kuliko yote aliyoulizwa tangu gazeti lilipotoka.

"Ya kijani," alisema Mtweve.

Atu alitabasamu, akaweka kiganja tumboni, kama anayempa mtu wa ndani habari njema. Mtweve akawa wa kwanza kuangalia pembeni. Sababu zake zote nzuri alizitafuta tena. Zilikuwepo. Hakuna hata moja iliyotaka kutamkwa mbele ya kile kiganja.

13.

KWA: Mkandarasi
KUTOKA: Katibu wa Mbunge
Shemeji usipokee simu ya mtu yeyote. Wanapanda kilima.

14.

Ukungu ulikuwa umeondoka. Mabati yaling'aa. Walimshusha mbele ya bango lililowakataza hata kuchungulia, na mtu akamletea kipaza sauti na spika yake iliyobebwa kichwani tangu sokoni, kwa sababu walijua atataka kusema neno. Walimjua vizuri.

Umati ukamzunguka bila kuombwa. Huruma alifika akihema, amekumbatia koti. Mama Twilumba alikuwa amemshika Atu mkono. Vijana walikuwa wameshapachika vidole kwenye ukingo wa bati la kwanza, wanamsubiri yeye tu, kwa heshima.

Mtweve alikohoa. Alivuta pumzi ndefu ya mtoto wa katekista.

"Ndugu zangu," alisema, kwa sauti ambayo Huruma hakuwahi kuisikia kwenye mazoezi yoyote, "kabla hamjafungua, kuna jambo ambalo mimi—"

Bati liling'oka.