Kiatu cha Pili cha Sabaha

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe 10 Agosti 1974, saa kumi jioni, pale mke wangu Zamda aliponyanyua mkono.

Hakunyanyua peke yake. Walinyanyua wanawake wote waliojazana kwenye ua wa ofisi ya kata, wa chama cha Waridi na wa chama cha Lulu, huku balozi wa nyumba kumi kaegemea ukuta anawatazama mmoja mmoja. Katibu wa kata, Ndugu Ignasi, alianza kwa kuuliza, "Nani anapinga umoja?" Akageuza swali: "Haya, nani anautaka umoja?" Sasa niambie wewe unayesoma. Mwaka ule unga ni wa foleni, na jina lako liko kwa balozi. Ungeuacha mkono mapajani?

Pembeni ya katibu alikaa Bwana Filbert, msomi wa utafiti, na suti yake ya mikono mifupi. Alikuwa anahesabu mikono kwa ncha ya kalamu, anatabasamu. Alikuwa anachunguza, eti, namna wananchi wa kawaida wanavyoshiriki kuamua mambo ya utamaduni wao. Ndiye aliyemshauri katibu kwamba habari ya ngoma isiamuliwe mezani, waitwe wenyewe. Basi wakaitwa. Wakaamua. Vyama viwili vikawa kikundi kimoja cha utamaduni cha kata, ngoma zote zikaingizwa stoo ya ofisi, na ufunguo ukaenda mfukoni mwa Ignasi.

Mimi nilikuwa nje ya ua na mkokoteni wangu. Wanaume hatukuulizwa.

Wanaotuongoza hawakujua walichokivunja, na hawakutaka kujua. Waridi kilikuwa chama cha lelemama, ngoma ya wanawake, cha Mtaa wa Sikukuu, na Zamda ndiye aliyewatungia nyimbo na kuwaimbisha. Lulu kilikuwa cha Mtaa wa Narung'ombe, mwimbishaji wao Sabaha. Walicheza kiwanja kimoja, kwa zamu. Jumamosi hii hawa wanaimba kuwachokoza wale, Jumamosi ijayo wale wanajibu. Hakuna kujibu barazani, hakuna kujibu bombani. Neno unakaa nalo wiki nzima linakuwasha, unatunga, unatafuta kanga za sare, halafu unakuja kulitema kiwanjani na watu wako nyuma yako. Hata Kanubhai, muuza kanga, alikuwa akifunga duka mapema na kupanda juu ya benchi ili aone leo kapatikana nani.

Wiki moja kabla ya mkutano ule zamu ilikuwa yetu. Mwezi wa saba wakubwa walikuwa wameleta lori kuchukua wacheza ngoma waende uwanja wa ndege kupokea wageni. Wakawachukua Lulu, Waridi wakaachwa na vumbi. Sabaha, kwa kiherehere cha kuwahi lori, alidondosha kiatu kimoja katikati ya Mtaa wa Msimbazi na wala hakugeuka. Nilikiokota mimi, nikakiweka juu ya mikungu ya ndizi, nikampelekea Zamda. Kiatu cha kijani, kisigino kirefu. Zamda alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo akawa anazunguka chumbani anapiga kijiko kwenye sufuria, anatunga.

Jumamosi ile akasimama kiwanjani na kiatu mkononi. Akaimba habari yote ya lori, watu hoi kwa kicheko. Mwisho akamgeukia Sabaha, Waridi wote wakimwitikia:

"Kimoja umekwenda nacho, cha pili umemwachia nani?"

Nilidhani kiwanja kitapasuka. Sabaha aliinuka, akajifunga kanga upya kiunoni, akatazama kushoto na kulia kwa watu wake, kisha akasema kila mtu asikie: "Tukutane Jumamosi!"

Jumamosi yenyewe ndiyo hiyo ya mikono.

Wakaanza mazoezi ya kikundi kipya. Wimbo wa jembe, katunga Ignasi mwenyewe. Mtaa mzima hakuna mwenye jembe. Waliwapanga kwa urefu, kwa hiyo Zamda na Sabaha wakasimama bega kwa bega, wote warefu kama milingoti. Marufuku kuchokozana. Mke wangu akirudi hali chakula. Anakaa, anainuka, anafungua dirisha, analifunga.

"Alikuwa na jibu," ananiambia. "Nimemwona usoni. Bakili, alikuwa na jibu zuri yule mwanaharamu!"

"Si umwulize? Mnasimama pamoja."

"Nimwulize? Ndiyo nijishushe? Jibu la kuombwa lina ladha gani?"

Mwezi wa tisa miguu yake ikaanza kuvimba. Hospitali wakasema figo, wakasema dawa imekwisha, rudini wiki ijayo. Wiki ijayo wakasema vilevile. Zamda alilazwa chumbani lakini hakutulia hata kidogo, vidole vinapiga ubao wa kitanda mchana kutwa. Kila mtu akiingia, kabla hata ya salamu: "Sabaha kashajibu?" Nilijua haponi. Mimi sikusoma, lakini kifo hakihitaji cheti kukiona. Nilichotaka ni kimoja tu, mke wangu alisikie lile jibu kabla hajaondoka.

Nikachukua kile kiatu, nikaenda Narung'ombe.

"Shemeji," Sabaha akasema akiniona, "umekuja kunivisha? Mkeo akijua!"

"Nimekuja kukuomba. Njoo umwimbie. Hali yake mbaya."

Kicheko kikamkatika. Alikitazama kiatu, asikiguse.

"Nije nimwimbie mgonjwa kitandani, peke yangu, kama nimekuja kumsuta? Mimi, Sabaha? Zamda atanitemea mate, na atakuwa na haki. Sikiliza, shemeji. Nitolee ngoma zangu. Nipe watu wangu. Wewe mlete kiwanjani, hata kwa mkokoteni wako. Nitamjibu mpaka ainuke anitie kofi."

Nilikimbia, sitanii, nilikimbia mpaka ofisi ya kata. Ignasi alikuwa anakunywa chai.

"Kikundi ni kimoja, mzee. Kitajijibuje chenyewe?"

"Nifungulie stoo tu, ndugu. Saa moja tu. Mke wangu anakufa."

"Pole sana. Lakini wananchi wenyewe waliamua. Mimi nani nipindue uamuzi wa wananchi?"

Akapuliza chai yake. Nikatoka, nikapanda basi mpaka kule chuoni kwa Bwana Filbert. Nilizungushwa milango mpaka nikampata. Kijana ana adabu, hilo silikatai. Aliinuka.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Wewe ulihesabu mikono. Njoo umwambie katibu ile mikono ilikuwa na hofu."

Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Hili jambo ni zito, mzee. Limenigusa. Nitaliweka kwenye mapendekezo."

"Yatatoka lini?"

"Mwakani, tukijaliwa."

"Mke wangu hana mwakani."

Nikamwona anainama, analiandika na hilo.

Zamda alikufa Alhamisi mchana, katikati ya Ramadhani. Nilikuwa nimeshika vile vidole vyake, na vilikuwa bado vinapiga kiganja changu, kisha havikupiga. Msibani walikuja wote, Waridi na Lulu, wakachanganyika kama Ignasi alivyotaka. Na yeye alikuja. Akatoa hotuba.

Baada ya arobaini Sabaha aliniletea wali na samaki. Tukiwa barazani, Bwana Filbert naye akatokea. Akatoa pole, akakaa kwenye mkeka, kisha akasema ana maswali machache tu kama sitajali.

"Kwa maoni yako, mzee, katika jambo lile wananchi walishirikishwa?"

"Mikono ilishirikishwa," nikamwambia.

Sabaha akaguna. "Mimi jibu ninalo mpaka leo. Linanikaa hapa," akajigusa koo. "Nikila, lipo. Nikilala, lipo."

Yule kijana macho yakamwaka. "Mama, nipe mimi! Niliandike, lisipotee."

"Nikujibu wewe?" Sabaha akamtazama kuanzia viatu mpaka miwani. "Wewe uliniuliza nini?"

Kijana akafunga daftari lake. Akaaga, akaenda zake kutafuta basi.

Mimi sikuweza kukaa. Niliingia ndani, nikatoka, nikaingia tena. Mara ya mwisho nilitoka na kile kiatu cha kijani, nikasimama mbele ya Sabaha nimekishika juu kama alivyokishika marehemu. Sijawahi kuimba maisha yangu. Sauti yangu ni ya kupigia kelele watu wapishe mkokoteni. Lakini niliimba, wapita njia wakasimama.

Sabaha akainuka. Akajifunga kanga upya kiunoni. Mdomo ukafunguka. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kulikuwa na mimi na sinia la wali. Akakaa chini, akajifunika uso kwa kanga.

Nikaimba tena, labda hakusikia vizuri.

Kimoja umekwenda nacho, cha pili umemwachia nani?