Mheshimiwa Juu ya Gambuti

"Hiyo sukuma uliipulizia dawa. Sema tu, tumalizane."

"Hiyo sukuma nimeila jana na juzi. Unaniona nimelala chini?"

"Wewe ni mtu mkubwa. Yeye alikuwa anatoshea kwa kofia."

"Basi si uulize daktari ni nini kilimuua."

Hapo Sahal, aliyeanza ugomvi, akageuza macho kwa ua, kwa sababu daktari alikuwa ameshaulizwa.

Walikuwa wamesimama pande mbili za ua hapo kijijini Tulia, yeye na jirani yao Mama Kimeu. Waliyekuwa wakimgombania ni Mheshimiwa, ginipigi, mnyama mdogo wa kufugwa kama sungura, wa Intisar, dadake Sahal wa miaka tisa. Aliitwa hivyo kwa sababu ya tumbo, na kwa sababu kazi yake ilikuwa kula na kupiga kelele akicheleweshewa. Kila jioni Mama Kimeu alimpitishia majani ya sukuma kwa mwanya wa ua.

Jumatatu Mheshimiwa aliacha kula. Intisar akamwambia Sahal, maana Sahal ndiye mwenye pikipiki. Sasa hawa ni watu wa mbuzi. Baba yao, Abdille, amenunua na kuuza mbuzi tangu Sahal hajazaliwa, na kwake mbuzi mgonjwa hupewa siku tatu. Akiamka ameamka, asipoamka ndio daktari anaitwa. Sahal akamshika ginipigi masikio, vile mbuzi hushikwa kuona kama yamepoa kwa ugonjwa. Hayakuwa baridi.

"Huyu yuko sawa," akasema, akaenda zake mnadani.

Jumanne mate yalikuwa yanamdondoka, na ndani ya boksi hakukuwa na hata kinyesi kimoja. Intisar akaomba tena. Sahal akamwambia hiyo ni siku ya pili tu.

Jumatano alimpeleka Kitui mjini, ndani ya jaketi. Daktari Ndila akamfungua mdomo, akamulika na tochi. Meno ya nyuma yalikuwa yamerefuka mpaka yakaufungia ulimi. Anataka kula ila hawezi, akasema. Mnyama wa aina hii huficha ugonjwa mpaka mwisho, na akikaa siku moja bila kula, tumbo linasimama.

"Huyu hangojewi kama mbuzi," akasema daktari. "Ungekuja Jumatatu, saa hii angekuwa nyumbani anakula."

Mheshimiwa alifia hapo mezani. Sahal akarudi nyumbani, akaambia watu daktari amesema ni sumu. Kesho yake akaenda kwa ua kugombana.

Ijumaa asubuhi Mheshimiwa alirudi. Alitokea upande wa mpapai, pale walimzika, na udongo mgongoni. Mama yao, Kaltun, akasema apanguswe miguu kwanza, sakafu imetoka kudekiwa. Abdille akaweka kikombe cha chai chini, akasema aachwe atembee. Aliyeuawa na mtu humjua mtu wake, na humwendea.

Wote wakaangalia ua. Sahal ndiye aliangalia zaidi. Mama Kimeu naye aliona vile wanaangalia, akafungua geti mwenyewe ili hayo maneno yaishe.

Mheshimiwa akaingia pole pole. Akala jani la sukuma lote mpaka kijiti, na meno yake yalikuwa mazuri kabisa. Akala la pili. Kisha akageuka, akarudi, akapanda gambuti ya Sahal ya kushoto, ile buti yake ya mpira, akakaa.

Sahal akasogea. Mheshimiwa akasogea naye. Saa saba Sahal alivua gambuti mlangoni mwa msikiti, na watu walipotoka kuswali walimkuta huyo mnyama bado yuko juu yake. Mzee mmoja akasogeza viatu vyake kando, ampe nafasi.

Nyumbani mjadala ulikuwa mfupi. Kaltun alisema dawa ya huyo jirani ni kali sana, hata marehemu anamwogopa. Abdille akasema mwanya wa ua uzibwe. Halafu wakamgeukia Sahal, kwa sababu ni yeye aliongea na daktari. Sahal akaenda kutafuta misumari. Mama Kimeu alisikia nyundo akichuma sukuma upande wake, akaendelea kuchuma. Tangu siku hiyo hakuna anayemsalimia.

Jumatatu asubuhi Intisar alimkuta kakake akifuta pikipiki. Alikuja kumwambia juu ya mbuzi mwekundu, yule wa Intisar mwenyewe, kwamba hajakula tangu jana.

Sahal akaenda pale mbuzi amefungwa, akamshika masikio. Hayakuwa baridi.

"Ngoja mpaka Jumatano," akasema.

Juu ya gambuti, Mheshimiwa akapiga ule mluzi wake wa kuitisha chakula. Intisar akaiangalia gambuti. Kisha akamwangalia kakake usoni.

"Daktari alisema nini?"

"Si nilikwambia. Sumu."

Intisar akafungua kamba ya mbuzi, akaizungusha mkononi mara mbili, akageuka, akashika njia ya mjini kwa Daktari Ndila.